Kipaa cha Mlango wa Lorraine

Wakazi wa Birchmont, Ohio, waliarifiwa rasmi kwamba nyuso za nyumba zao zimo hatarini. Kwa hiyo Kamati ya Nyuso za Nyumba, chini ya mwenyekiti Gordon Pruitt, iliazimia kwamba kila nyumba ya ghorofa nusunusu, zile za kupanda ngazi sita kwenda sebuleni na kushuka sita kwenda gereji, irudishiwe sura yake ya asili ya mwaka 1958.

Azimio lilimkuta Lorraine Kaczmarek, muuguzi mstaafu, akijenga kipaa, paa dogo la kukinga theluji, juu ya mlango wake. Majira ya baridi yaliyopita dada yake Bernice aliteleza kwenye barafu pale kizingitini akavunjika nyonga. Theluji ilikuwa njiani tena, na Bernice, baada ya upasuaji wa pili wa nyonga ile, alikuwa akitoka hospitali Ijumaa kuja kwake.

"Bomoa," alisema Gordon, kalamu mkononi. "Kinavuruga ulinganifu wa mtaa."

"Na nyonga ya dada yangu je?"

"Hilo ni suala la ndani ya mwili, mama. Sisi tunashughulikia nje."

"Haya. Na zile nguzo nne mlangoni kwako, utadhani ikulu?"

"Zile zina roho ya asili," alijibu bila kupepesa macho.

Lorraine alimeza hasira, akaenda kupekua kabati la marehemu mama yake, aliyeinunua nyumba ile ikiwa bado inanuka rangi. Alipekua hadi chai ikapoa.

Alhamisi kamati iliwaita wakazi wote waidhinishe azimio. Gordon alihutubia dakika arobaini, akataka kura: sura ya asili, bila msamaha kwa yeyote. Mikono yote ikainuka, wa Lorraine ukiwa wa kwanza.

"Umeona eh?" Gordon alitabasamu. "Hatimaye umeelewa."

"Nimeelewa sana, Bwana Mwenyekiti." Akatandaza mezani karatasi aliyoipata kabatini, tangazo la wauzaji wa nyumba hizo la mwaka 1958, yenye picha za rangi. Kila nyumba ya mtaa ilikuwa na kipaa juu ya mlango. Nguzo hakuna hata moja. Na milango yote, bila msamaha kwa yeyote, ilikuwa ya rangi ya waridi.

Katibu alikohoa. "Azimio limeshapita, Gordon."

Kufikia Jumamosi nguzo zilikuwa zimelala nyasini. Lorraine na Bernice walipita taratibu, mkono kwa mkono, wakamkuta mwenyekiti amepiga magoti mlangoni kwake, brashi mkononi, rangi ya waridi hadi kwenye nyusi.

"Umeruka kona ile ya chini, baba," alisema Bernice.

Gordon akainama, akaipaka.