Kijiti Nilichosema Siwezi Kukiokota

Mwaka huu ambao hata mkwe akija anapikiwa ugali wa yanga, huo unga wa njano wa msaada (tumbo linaukubali, ulimi unaukataa), mimi leo nimeadhirika mchana kweupe. Wenzangu wa darasa la kisomo, nawaandikia mwenyewe kabla wambea wa Makere hawajawafikishia.

Kiuno changu mnakijua. Kinauma tangu nilipomzaa Petro, kitindamimba wangu, na sasa Petro ana ndevu. Mvua imeanza, maharage sijapanda, na Petro amenilaza kitandani kama yai la kutamiwa. Asubuhi akatamka: "Mama, shamba la bondeni tumpe mwingine alime."

Shamba langu! Nikamwambia lete baiskeli, nipeleke zahanati nikachomwe sindano.

Daktari ni kijana wa pwani, Kiswahili chake kama cha redioni. Akauliza, miguu inakufa ganzi? Hapana. Mkojo unatoka wenyewe? (Mbele ya mwanangu!) Hapana.

"Umekonda, bibi?"

"Mwaka huu unamjua aliyenenepa?"

Akanigonga magoti, akaninyanyua mguu mmoja mmoja. "Haya, simama, inama kidogo."

Nikaona nikiinama nitaambiwa mzima, sindano nitaikosa. Nikatia chumvi. "Siwezi! Hata kijiti siokoti! Yuuu!" Nililia mpaka foleni ya nje ikanyamaza.

"Bibi, kiuno cha siku nyingi hakitaki sindano. Na kitanda ndicho kinachokukakamaza. Tembea. Lima kidogo, pumzika, lima tena."

Nikakaa tena, nikashika benchi kwa mikono yote miwili.

"Hapa sitoki!"

Petro ananibembeleza, mimi na benchi ni kitu kimoja. Mara mlango ukafunguka. Akaingia mkwe wangu, mama wa mume wa binti yangu, katoka Buhigwe na kikohozi chake.

Sasa ninyi ni Waha wenzangu. Mkwe anasalimiwa umekaa? Nizikwe kwanza! Nikaruka kutoka kwenye benchi. Nikainama mpaka kilemba kikakaribia sakafu, nikapiga makofi. "Mwidiwe!" Naye chini, "Mwidiwe!" Tukaulizana watoto, mbuzi, mvua, halafu watoto tena. Wote tumeinama, makofi pwa, pwa, pwa.

Nilipoinua kichwa, daktari amekunja mikono, ananitazama.

"Bibi, kile kijiti kiko wapi, tukiokote?"

Mlango ulikuwa wazi, foleni nzima ikacheka! Mama aliyebeba mtoto mgonjwa alicheka, na mgonjwa mwenyewe akacheka. Mkwe akauliza, "Kwani kuna nini?" Petro akamweleza yote (nimezaa nini mimi!). Mkwe akacheka hadi kikohozi kikamwishia.

Daktari hakunifukuza. Alisema, "Dawa yako ndiyo hiyo uliyoifanya sasa hivi. Ukiinua mzigo, kunja magoti. Kitauma, bibi, lakini usikiogope."

Baiskeli nikaikataa. Nimerudi kwa miguu, na kinauma, sidanganyi, kinauma. Nikachukua jembe, nikashuka bondeni. Nalima mstari, nakaa. Nalima mstari, nakaa. Jioni Petro akasimama juu ya kilima, anaita bonde zima lisikie:

"Mama! Imetosha! Rudi ukalale!"

"Hapa sitoki!"