Malalamiko Dhidi ya Viroboto-Maji Watoro

Ndugu Mkurugenzi wa Maziwa ya Milimani,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni mhesabu wa viroboto-maji katika kituo chako cha huku juu mlimani. Hao ni wale wadudu wadogo kama punje ya mchanga, wanaokula mwani nao wakaliwa na samaki. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita kwa hadubini moja na kiti kimoja. Nimepokea waraka wako usemao kwamba nikikuta wadudu chini ya ishirini kwa lita mwezi huu, kituo kifungwe na mimi nirudi nyumbani. Sina ugomvi na waraka. Ugomvi wangu ni na wadudu, nami naomba wachukuliwe hatua za kinidhamu kwa makosa haya:

1. Utoro. Nilipoajiriwa walikuwa mia nne kwa lita, wakipigana vikumbo chini ya kioo. Jumatatu iliyopita walikuwa ishirini na watatu, na mmoja wao alikuwa maiti. Nilimhesabu, kwa kuwa amefia kazini.

2. Kusinyaa. Wale wakubwa, walaji hodari wa mwani, wameacha kazi bila taarifa. Nafasi zao zimeshikwa na vijidudu visivyofika hata nusu yao, na kazi haiishi. Ziwa limekuwa kijani, na samaki wamekonda hadi mpishi wetu anakaanga wanne kumshibisha mtu mmoja. Naomba waamriwe kurudia umbo lao la awali ndani ya siku kumi na nne.

3. Kuhama bila ruhusa. Wengi wa waliosalia wameshuka mita kumi na nane, ambako wavu wangu haufiki, kwa sababu kamba mliyoniletea ni ya mita kumi na tano. Sitaki kusema waliipima, lakini sioni walijuaje.

4. Kutetewa. Mtaalamu wa maabara hapa ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Anadai kwamba maji yamepata joto, theluji iliyokuwa ikiyeyuka na kulijaza ziwa imepungua, jua linakausha maji na chumvi inabaki, na wadudu hawaiwezi hata mayai yao hayaanguliwi. Hayo ni maneno ya mtu anayewadekeza watumishi. Mimi nayaonja maji hayo kila asubuhi tangu mwezi wa pili, na nimezoea. Kama mimi nimezoea, wao wana nini? Tena vipimajoto vyake vitatu vinasema jambo moja, ishara tosha kwamba vimekula njama.

Kwa hiyo naomba uwaandikie onyo la mwisho, lenye muhuri. Nitalitia kwenye chupa na kulishusha kwa mkono wangu mwenyewe, nikishapata kamba ndefu. Wasipojibu, wasimamishwe kazi. Wakishasimamishwa hawatakuwa wamepotea, bali watakuwa wanasubiri uamuzi wa ofisi, na waraka wako hausemi lolote kuhusu wanaosubiri uamuzi wa ofisi. Kituo kitabaki wazi.

Nisikufiche, Ndugu Mkurugenzi. Ningeweza kuongeza sifuri moja kwenye fomu, na hakuna ambaye angepanda mlima kuja kuhakiki. Mkono umekataa. Nawapenda wadudu hawa, na kuchungulia kioo kitupu kunaniuma kuliko waraka wako.

Wasalimie wote ofisini bila kumsahau mtunza stoo aliyekata ile kamba. Mpwa wangu anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba nimekuandikia.

Mtumishi wako mtiifu,
Mzee Hadubini,
Mhesabu Mkuu, na wa pekee.

N.B. Naambatisha ombi langu la uhamisho. Joto la hapa limenishinda. Nafanya kazi kwa fulana, chai ya maji haya inanipandisha presha, nimepungua kilo nane, na ikifika saa nne asubuhi nashuka stoo ya chini nikajifiche. Naomba ziwa lililo juu zaidi, lenye baridi na maji matamu. Dereva anayetuletea chakula ananiambia juu ya hili hakuna ziwa jingine, ni mawe matupu hadi kileleni. Kama ni kweli, basi usiwaandikie onyo. Hawana pa kwenda.