Mapazia ya Ghorofa Lisilokuwepo

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeota mchana kweupe, nimesimama, sindano mdomoni. Ule uwanja mtupu mbele ya duka letu, palipokuwa na kiwanda cha sabuni, niliuona umeota maghorofa. Madirisha juu mpaka chini. Na kila dirisha, pazia langu!

Si ndoto ya bure. Mwenye mradi ameliomba baraza la jiji limsaidie kwa fedha za umma, ili ajenge nyumba ambazo hata sisi kina yakhe tutaweza kupanga. Bila mkono wa jiji, anasema, hajengi. Madiwani wanasitasita. Alhamisi watakuja kuuona uwanja, Ijumaa wapige kura.

Nikamwambia mke wangu tumeula. Akauliza kama ni wa chuya.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji naye ameota. Huyu ni kaka wa mke wangu, duka lake limepakana na letu, na anauza yale mapazia ya vipande vya plastiki, ya kuvuta kwa kamba. Mimi huyaita mifupa ya samaki. Nimemkuta uwanjani anapima hewa kwa futi. Nikauliza anapima nini. Akasema dirisha la ghorofa ya tatu. Mwizi wa ndoto.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili. Diwani ukimwonyesha uwanja ataona magugu. Lazima aone nyumba. Kwa hiyo: nguzo, kamba, na mapazia yote ya dukani yatundikwe pale pale madirisha yatakapokuwa.

Mke wangu akanikumbusha kwamba mengine ni ya wateja. Nikasema wateja watajivunia. Akaendelea kupiga pasi mlangoni. Hupigia pasi mlangoni kwa sababu chumba chetu, nyuma ya duka, hakina dirisha, na mvuke ukijaa humo mtu anaiva kama kiazi. Nikamwahidi dirisha la jikoni, lenye kutazama mawio. Akasema likija atalipokea.

Alhamisi, 6 Machi
Tumetundika asubuhi na mapema. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile. Nyumba nzima bila ukuta hata mmoja, inapumua. Jua likipenya kwenye kitambaa cha njano, magugu yote yanakuwa zulia. Nilitembea sebule hadi sebule. Mahali fulani nilipiga hodi. Paka akatoka kunipokea.

Madiwani wakaja, wakashusha sauti kama watu walioingia kwa wenyewe. Mwenyekiti wao, mama wa miwani mizito, alivua viatu mbele ya pazia la buluu, kisha akashtuka na kuvivaa tena. Moyo wangu ukaelea.

Halafu upepo ukakumbuka kazi yake. Pazia la maua likaenda zake barabarani. La buluu likamvaa Mhandisi wa jiji aliyefuatana nao, likamzungusha mpaka akawa bunda. Aliyemfungua ni Shemeji, taratibu, kwa adabu zote, huku akimweleza kwamba mapazia yake yeye hayaruki.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao. Nilikuwa na hotuba kichwani. Nikasimama kuitoa, nikazungumza vizuri sana juu ya mwanga na faragha, mpaka Mwenyekiti akaniarifu kwamba ajenda iliyopo ni mitaro ya maji machafu. Nikakaa.

Yetu ilipofika, mambo yakawa magumu. Diwani mmoja akasema fedha za umma si za kumnenepesha mjenzi. Mwingine akasema nyumba zikiisha, kodi itapaa na makabwela watazitazama kutoka chini. Wengi wakatikisa vichwa. Nikaona maghorofa yangu yanayeyuka, dirisha moja baada ya jingine.

Ndipo mtu akasimama nyuma ya ukumbi. Mke wangu. Sikujua hata kwamba amekuja.

“Waheshimiwa, mimi nashona mapazia, na ninapolala hapana dirisha. Msaidieni huyu bwana ajenge. Lakini mfungeni kwa mkataba, kodi isije ikapanda sisi tukashuka.”

Akakaa. Mwenyekiti akafuta miwani kwa muda mrefu. Wakapitisha, na sharti lake ndani. Vumbi likaniingia machoni, yote mawili.

Kisha Mhandisi akaomba neno dogo. Kwa upepo alioushuhudia mwenyewe, akasema, madirisha yote yafungwe mapazia ya vipande tangu mwanzo. Shemeji akainamisha kichwa kama mtu anayepewa pole.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu ametuandikisha kuomba nyumba. Jioni tulikaa mlangoni tukiutazama uwanja. Akauliza dirisha letu litakuwa wapi. Nikaonyesha kwa kidole angani. Akakishika kidole changu, akakisogeza kidogo kulia, akakiacha hapo. Tukaliangalia mpaka kiza kikaanza kuingia.

Akauliza nimejifunza nini wiki hii. Nikasema mengi.

Sikumwambia habari aliyonipa kinyozi wa mtaani. Kinyozi amesikia kwamba baraza sasa linafikiria kujenga pia ghorofa la kuegesha magari. Wazi pande zote, halina dirisha hata la dawa. Fundi mwingine angeona hasara hapo.

Lakini gari nalo lina aibu zake. Nimeshakata kitambaa cha kijivu.