Hakuna Chai Bila Saini

Kwa heshima na taadhima, Sekretarieti ya Chama cha Wahasibu inautangazia umma kwamba historia ya chama chetu imekamilika. Sisemi kuandikwa. Kuandikwa ni kazi ndogo, niliifanya mwenyewe kwa wiki sita, mimi Katibu Mkuu, kwa kalamu mbili na maumivu ya mgongo. Nasema imekamilika kuhakikiwa, na matokeo ya uhakiki huo ndiyo yanayonifanya niandike taarifa hii nikiwa nimesimama, maana kiti changu kwa sasa kina utata.

Nianze na ukuaji. Chama kilianzishwa miaka arobaini iliyopita na wahasibu saba, katika chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani. Leo kina wanachama elfu nne mia tatu na kumi na wawili, jengo la ghorofa tano, na lifti inayopanda. Suala la lifti kushuka linashughulikiwa. Fomu ya kujiunga, ambayo zamani ilikuwa nusu ukurasa, sasa ina kurasa kumi na nne. Kamati zimeongezeka kutoka moja hadi ishirini na sita, ikiwemo Kamati ya Kuratibu Kamati, ambayo haijawahi kukutana kwa sababu haijaratibiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kamati ile ya kwanza iliundwa katika kikao cha pili, baada ya wahasibu saba kuletewa chai na kugundua kuwa vikombe vilivyotumika vilikuwa vinane. Watu wengine wangecheka na kuendelea na kikao. Sisi tulichunguza. Uchunguzi ulichukua vikao vitatu, mnywaji wa kikombe cha nane hakupatikana, na mwasisi wetu, Mzee Wino, akatoa uamuzi: kuanzia siku hiyo hakuna kikombe kutoka kwenye sinia bila tarehe, jina, cheo na saini. Daftari akamkabidhi binti aliyekuwa akipika chai. "Mali bila daftari hupotea bila habari," alimwambia. "Shika."

Binti akashika. Ndiye tunayemwita Mama Birika, na sasa ana miaka sitini na miwili na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwezi uliopita alipanda hadi ghorofa ya tano kumwona Mwenyekiti. Nilikuwepo, nikiandika kumbukumbu. Mwenyekiti hakumwamkia, kwa kuwa shikamoo haikuwa kwenye ajenda.

"Mwanangu, nastaafu," alisema Mama Birika. "Naomba barua ya utumishi. Hospitalini wamesema bila barua ya mwajiri hawanipi kadi ya mstaafu, na bila kadi hawanigusi macho."

"Faili lako liko wapi?"

"Faili sikupewa, baba. Nilipewa birika."

Mwenyekiti alisikitika kwa mujibu wa utaratibu. Kisha akaonyesha ukutani, ilipo Kanuni ya Saba, aliyoitunga mwenyewe na kuitia kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, nakala moja kila ghorofa: *Jambo lisilo na kiambatisho halikutokea.*

"Kwa hiyo, mama, kitaalamu hujawahi kufanya kazi hapa."

"Na hiyo chai unayokunywa kaileta nani?"

"Chai ipo," alisema Mwenyekiti, akaipuliza. "Mletaji hajathibitishwa."

Niliona jibu hilo ni zuri mno, nikalipigia mstari. Nakiri pia kwamba nilipomwona mama yule akishuka ngazi kwa kupapasa ukuta, ghorofa baada ya ghorofa, moyo uliniuma. Lakini maumivu ya moyo hayana fomu, nikarudi mezani.

Ikafika siku ya maadhimisho. Shirikisho la Vyama hutoa ngao kwa chama chochote kinachothibitisha miaka arobaini ya uhai, na lilimtuma Mkaguzi, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikaa mbele na suti mpya. Mzee Wino, mwenye miaka themanini na mitano, aliketishwa safu ya tatu, kwa sababu kadi yake ya mwaliko ilikosa namba ya kumbukumbu.

Mkaguzi alifunua kurasa zangu moja moja. "Historia nzuri. Viambatisho viko wapi?"

Nilimweleza kwamba vitabu vya mihtasari vilikabidhiwa kwa Kamati ya Uhifadhi wakati wa kuhamia jengo hili, na kwamba Kamati ilivihifadhi kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba hakuna aliyeviona tena.

"Basi chama hakipo," alisema Mkaguzi, akielekeza kalamu kwenye fremu ya dhahabu. "Kanuni ni yenu wenyewe."

Mwenyekiti alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekula vile vitabu.

"Mimi madaftari ninayo," ilisema sauti kutoka nyuma. Mama Birika alikuwa akikusanya vikombe.

Aliyaleta kwenye toroli la chai. Madaftari arobaini, kila moja na alama za duara za vikombe kwenye jalada. Mkaguzi alisoma saa nzima, na kadiri alivyosoma ndivyo uso wake ulivyochangamka. Kila kikao kilikuwemo: tarehe, jina, cheo, saini.

"Miaka kumi na mitano nakagua vyama," alisema. "Sijapata kuona ushahidi safi namna hii."

Mwenyekiti akaruka, akaanza kupiga makofi. "Hazina yetu hiyo! Nimesema siku zote!"

"Kaa kwanza. Wewe ulichaguliwa tarehe ngapi?"

Aliitaja kwa fahari. Imechongwa kwenye kibao cha shaba karibu na lifti.

Mkaguzi alifunua, akarudi nyuma, akafunua tena. "Siku hiyo hakuna saini. Hakuna hata kikombe kimoja."

"Labda hatukunywa chai."

Ukumbi mzima ulicheka. Wahasibu wakutane wachague Mwenyekiti, kisha waondoke midomo mikavu?

"Siku ile uliniambia nirudi nyumbani," alisema Mama Birika. "Ukasema, mama nenda, leo hawaji watu. Nikaenda."

"Hayo ni maneno ya mdomo!" Mwenyekiti alikuwa ameshaloa jasho. "Uchaguzi ulikuwepo! Si mimi huyu hapa?"

"Wewe upo, baba," alisema Mama Birika kwa upole. "Uchaguzi ndio haujathibitishwa."

Mkuki kwa nguruwe. Mkaguzi aliandika kwamba Mwenyekiti wa mwisho ambaye uchaguzi wake una vikombe, hamsini na nane kwa hesabu kamili, ni Mzee Wino. Kisha akanigeukia. "Na Katibu Mkuu aliteuliwa na nani?"

Nilimnyooshea kidole mwenye suti mpya. Halafu nikainuka kitini polepole, ndiyo maana hadi sasa nimesimama.

Mzee Wino alikuja mbele na mkongojo wake, akaomba karatasi, akaandika barua ya utumishi kwa mkono: miaka arobaini, bila kukosa kikao. Kabla ya kutia saini akasita.

"Binti, kile kikombe cha nane?"

"Nilikunywa mimi, mzee. Nilikuwa nimechoka."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Kamati ilikuwa bado inachunguza," alisema Mzee Wino, akasaini.

Upasuaji ni Jumatatu. Chai ililetwa mara baada ya barua kusainiwa, na yule ambaye kitaalamu hajawahi kuwa Mwenyekiti akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Mama Birika alilivuta sinia nyuma, akamsogezea daftari. Mwenye suti akaandika tarehe. Akaandika jina. Kwenye cheo kalamu ikakwama, na foleni nyuma yetu ikazidi kurefuka.

"Andika, mwanangu. Chai inapoa."

Akaandika: *Mgeni.*

Mama Birika alilisogeza daftari karibu na macho, akasoma, akatikisa kichwa. "Mgeni lazima awe na mwenyeji wa kumtilia saini." Alimtazama kidogo, kisha akachukua kalamu, akamsainia yeye mwenyewe, na kumpa kikombe.

Mimi nilikuwa wa pili kwenye foleni. Nilivua kofia yangu ya sherehe.

"Shikamoo, mama," nikasema.