Korongo wa Sponji

Jumatatu, 4 Machi

Habari mbaya. Manispaa inataka kumwaga kifusi kwenye kinamasi cha nyuma ya mtaa wetu, pawe maegesho ya malori. Mhandisi wao anakuja Jumamosi kupakagua.

Aliyetuletea taarifa ni Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu. Anafundisha jiografia, na ndiye kiongozi wa Kikundi cha Matembezi. Kila Jumamosi asubuhi tunakizunguka kinamasi kwa miguu, tunaokota plastiki na kutazama ndege. Mimi ni mwanachama wa kawaida. Kwa sasa.

Mpango wa Shemeji: tumtembeze mhandisi taratibu, tumwache aone mwenyewe. Basi. Nikauliza aone nini. Akasema, kilichopo. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, maana ana namna ya kusema neno dogo likajaa chumba kizima. Lakini moyoni niliona mpango huo hauna misuli. Nani ataacha maegesho kwa sababu ya vyura?

Pale panahitajika korongo. Ndege mrefu, mwenye heshima zake. Hajaonekana miaka na miaka. Lakini mimi ni fundi makochi. Nina sponji, nina kitambaa, nina mikono.

Jumanne, 5 Machi

Nilifunga karakana mapema nikaenda kinamasini kufanya utafiti. Nilidhani nitakaa kidogo. Nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mdiria alitua juu ya tete, kandege kadogo kuliko ngumi yangu, mgongo wa buluu ambayo sijawahi kuipata kwenye kitambaa chochote, hata cha kuagiza. Akatumbukia majini, akaibuka na samaki, akampigapiga kwenye tawi kama mtu anayekung'uta zulia. Nilicheka peke yangu. Nikasahau kabisa kilichonipeleka.

Kwa hiyo miguu ya korongo nimeikadiria. Nondo mbili, zimepakwa rangi nyeusi. Kiwiliwili ni sponji ya kochi la watu watatu, juu yake mahameli ya kijivu iliyobaki kwenye kazi ya mwanasheria.

Mama Mapacha, yaani mke wangu, alipita akauliza huyo ni bata au ni kitu cha kutundikia makoti. Nikamwambia ni pambo la mteja. Akaninyang'anya sindano, akasema shingo haishonwi hivyo. Akashona yeye. Ikapinda kwa madaha. Nimeoa vizuri. Hilo halina ubishi.

Alhamisi, 7 Machi

Kazi imekwisha. Alfajiri nilimbeba korongo ndani ya shuka, nikamsimamisha katikati ya mafunjo, mbali kidogo na kijia. Nikarudi kijiani nikatazama. Umande, ukungu mwembamba, na yeye amesimama kama anayewaza mambo mazito. Nilijikuta namheshimu.

Saa mbili hivi mkimbiaji mmoja akapita, akasimama, akampiga picha. Kufikia mchana picha imezunguka mji mzima. Muuza duka ameniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia juu juu.

Kisha Shemeji akanipigia simu. Nilitegemea maswali. Alikuwa analia.

"Shemeji, umeona? Nimemngoja ndege huyu tangu nikiwa msichana. Baba yetu alinionyesha mmoja pale pale, mara moja tu. Nilishakata tamaa."

Nikasema nafurahi sana. Akasema hajui kwa nini analia, mtu mzima kama yeye. Nilitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye meno. Likarudi.

Sikula vizuri. Mama Mapacha akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni joto.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Imenyesha kutwa nzima.

Fundi makochi yeyote anajua sponji ikinywa maji inakuwaje. Fundi huyu alikumbuka leo saa nne asubuhi. Nikakimbia kinamasini kumtoa, niseme ameruka zake. Nikamkuta Shemeji kijiani chini ya mwavuli, darubini mkononi. Amewakataza watu wote kusogea, korongo asije akashtuka. Mimi pia. Hasa mimi, alisema, kwa sababu natembea kama kabati.

Tukasimama pamoja. Maji yalikuwa yanashuka kutoka barabarani, yanaingia kwenye mafunjo, yanatulia. Akanieleza kwamba kinamasi ndicho kinachoyapokea hayo, bila hivyo yangeishia sokoni, kwenye meza za watu. Nimepita pale miaka yote na sijawahi kujiuliza maji huenda wapi. Yeye huyasema haya bila kumtia mtu aibu. Wanafunzi wake wana bahati.

Halafu akasema korongo huyu ni mvumilivu ajabu, tangu jana hajabadilisha mguu. Nikasema labda ni mzee. Akanitazama kidogo. Akarudi kwenye darubini.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa nimefungwa blanketi mbili.

Mhandisi alikuja na viatu vya kung'aa. Kikundi chote kilifika, na watu wengine wengi kwa ajili ya korongo. Shemeji akamtembeza taratibu, kama alivyopanga. Mimi nikatangulia, nikijifanya naondoa miiba.

Tukafika. Korongo alikuwa anainama. Si mara moja. Pole pole, kama mzee anayesinzia kikaoni. Kichwa kikagusa maji. Kikaingia. Mhandisi akauliza kama ndege anaumwa. Daktari wa mifugo, ambaye ni mwanachama wetu, akaanza kukunja suruali.

Nikasema aniachie mimi. Nikaingia.

Kinamasi hakina ubaguzi. Hatua chache nikazama mpaka magotini, kisha mpaka kiunoni. Nikamkumbatia korongo ili nijishikilie. Shingo ikang'oka. Nikabaki nimesimama mbele ya mji wangu, kichwa cha mahameli mkononi, maji yanachuruzika.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonimaliza.

Nikamtazama Shemeji. Uso wake ulikuwa kama nyumba iliyozimwa taa. Akashusha darubini, akamgeukia mhandisi, akasema kwa sauti ile ile ya darasani:

"Ndege huyo ni wa sponji. Aliyemtengeneza ni shemeji yangu. Jana nilianza kumshuku na sikutaka kuamini. Usiandike kwamba kuna korongo, maana hayupo."

Angeweza kunyamaza. Angeweza kunikana mimi. Hakufanya hata kimoja. Kisha akaniambia nitulie, nisitapetape, watu wamekwenda kuleta kamba.

Nikatulia. Sikuwa na pa kwenda. Watu wakanyamaza, mvua imekatika, mafunjo yanadondosha matone. Na hapo maji yakapasuka karibu nami.

Kichwa bapa. Masharubu. Fisi maji. Nilikuwa nasikia tu kwamba wapo, wanyama wa majini wala samaki. Nyuma yake watoto wawili, wanaogelea wakipandana migongoni. Mama akaninusa kwa mbali, akaniona sina maana. Akakishika kiwiliwili cha korongo kwa meno, akakivuta, watoto wakakirukia, wakakichana sponji kwa furaha kama wamenunuliwa mwanasesere. Niliweza kuona matone kwenye kope zao. Nimeishi mtaa huu maisha yangu yote na viumbe hawa walikuwa jirani zangu.

Mhandisi alikuwa amechuchumaa, viatu vyake vyote viwili ndani ya tope, mdomo wazi. Alikaa hivyo mpaka wakaondoka. Kisha akamwuliza Shemeji maji ya barabarani huenda wapi. Shemeji akamwonyesha. Wakazunguka kinamasi chote wawili, muda mrefu, mimi navutwa kwa kamba.

Alipoaga alisema hana kauli ya mwisho. Ila kiwanda cha matofali kilichofungwa kina uwanja mkavu, na malori yanapenda pakavu. Atalisimamia hilo. Akanipa mkono, pamoja na tope langu.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji alikuja nyumbani. Mama Mapacha akatuachia sebule, akasimama nyuma ya pazia. Miguu yake ilionekana.

Nilimwomba radhi. Si kwa mbwembwe. Nilisema nilidhani uzuri wa pale hautoshi, kwa hiyo nikauongezea wangu, na nikamwachia alie kwa simu huku najua.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kilichomuuma si kudanganywa. Ni kwamba jana asubuhi alipoamka, kwa dakika moja, aliamini bado ndege yupo.

"Ila wale watoto, shemeji," akasema. "Umewaona kwa karibu kuliko sote. Nisimulie."

Nikamsimulia. Masharubu, kope, namna walivyopandana. Akanirudisha mwanzo. Nikasimulia tena. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepewa kitu. Sijui watu wa moyo huo hutengenezwa wapi. Mimi nisingemsamehe mtu kama mimi.

Aliniwekea sharti moja. Kuanzia leo sponji yangu isionekane karibu na maji yoyote. Nikaapa. Kwa dhati kabisa. Mama Mapacha nyuma ya pazia akasema amina.

Jumatatu, 11 Machi

Mji mzima unataka kuona fisi maji. Leo nimewakuta watu wameacha kijia, wanakanyaga matete, mmoja anapiga miluzi kuwaita kama mbwa. Wataondoka wale watoto. Nimekasirika sana.

Nilimweleza Shemeji. Amesema Jumamosi tutasimama njiani na kuwaomba watu kwa upole wabaki kwenye kijia. Kuwaomba. Mwanamke wa kupigiwa mfano, lakini mipango yake, misuli hakuna.

Mtu haachi kijia kwa kuombwa. Anabaki kijiani akijua kuna mamba.

Kesho naamkia kwa fundi pancha kuomba matairi ya zamani. Mgongo wa mamba utatoka wenyewe, meno nitaona. Kiapo changu kipo pale pale. Niliapa kuhusu sponji. Matairi hayakutajwa.