Daktari wa Kwenye Filamu Alivyotujazia Watu Nyumbani

Aibu niliyoipata leo hapa Chanji, hata kuku wetu wananikwepa.

Mnanijua, mimi ni mtu wa ndani. (Mama anasema nikitoka nje jua huuliza huyu mgeni katokea wapi.) Asubuhi Mama kaenda kupalilia mahindi Kasense, kaniachia kazi moja tu: kumwangalia Bibi. Bibi ni mama yake mzazi, anaumwa tangu mvua zianze. Siku hizi hata uji wa ulezi anaurudisha.

"Usimwache peke yake, Deusi," kasema. "Chochote kikitokea, nipigie."

Sikumwacha! Yeye chumbani, mimi sebuleni, mlango wazi. Nikaweka filamu ya zamani, ile ya kizungu isiyo na rangi. Daktari kichaa, nywele zimesimama, kajifungia na mitambo yake anataka kufufua wafu. Kuna jamaa ameitafsiri kwa Kiswahili, sauti zote anaigiza mwenyewe, za kiume na za kike.

"Mume wangu, unaangalia nini?" Bibi akauliza.

"Daktari anafufua wafu, Bibi."

"Mwambie mimi asinisumbue." Akageukia ukutani, akalala.

Mvua ikashuka. Nyumba yetu haina dari, bati likipigwa hamsikilizani. Nikaongeza sauti. Mvua ikazidi. Nikaunganisha sabufa.

Sasa, mama yake daktari akafa, dada mtu akaanza kulia. Yule mtafsiri akalia kilio chenyewe, cha kwetu kabisa: "Mama weee! Umeniachia nani! Jana tu ulikunywa uji!" (Uji kauongeza yeye. Mzungu gani wa zamani alililia uji?) Kinanda cha kanisani nacho kikaingia. Mimi nimejifunika blanketi hadi puani, machozi yananitoka. (Nikiogopa huwa nalia. Niacheni.)

Mvua ilikatika. Mimi sikukumbuka kupunguza sauti.

Mara mlango ukasukumwa. Mama Yustina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kajitwisha kuni. Nyuma yake akina mama wengine na kuni zao, mmoja na beseni la unga. Akanikumbatia na blanketi langu.

"Pole mwanangu. Jikaze."

"Asante mama, shikamoo." Nilidhani wamekuja kumwona mgonjwa, jumuiya huwa wanakuja. Nikawaonyesha chumbani kwa kidole. Hawakuingia. Wakakaa chini, wakaanza wimbo, ukaifunika sauti ya filamu. Dirishani naona wanaume wanafunga turubai.

Turubai la nini?

Nikapata jibu. Kabla sijafungua mdomo, Mama akaingia. Walishampigia simu. Tope hadi magotini, kandambili moja, jembe bado mkononi. Analia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, akaliachia jembe, akaukimbilia mlango wa chumbani.

Mlangoni kasimama Bibi, kajifunga shuka jeupe, kashika ukuta.

"Nani amekufa?"

Weee! Waliopita mlangoni walipita, waliopita dirishani walipita. Mama Yustina akakanyaga beseni, akatoka mweupe hadi kiunoni. Mama peke yake hakukimbia. Alikaa sakafuni, akaikumbatia miguu ya Bibi, akakataa kuiachia.

Ndipo sabufa ikaanza upya: "Mama weee! Umeniachia nani!"

Waliokuwa wakichungulia mlangoni wakageukia runinga. Kisha wakanigeukia mimi.

"Deusi," Mama akasema. Basi. Jina langu tu. Bora angenichapa.

Bibi akawaita waliokimbia. "Rudini, Mama Yustina. Mmeshaleta unga na kuni, nipikieni hata uji." Wakapika. Akanywa kidogo, akaurudisha.

Jioni turubai likafunguliwa. Unga wakaondoka nao, ule uliobaki. Kuni hakuna aliyezigusa. Nani abebe kuni za msiba akazipikie kwake?

"Ziacheni," Bibi akasema. "Si za kuoza hizo."

Mama akatoka nje, hakuniangalia.

Kwa hiyo nimetoka kuzipanga nyuma ya jiko, nikazifunika nailoni zisilowe. Ni nyingi. Bibi wanampenda.

Haya, chekeni, nimewaruhusu. Ila siku mkinisikia nalia tena, msiseme Deusi kaweka filamu. Njooni.