Dawa ya Boila Lisiloumwa

Mtaa wa Msimbazi,
Dar es Salaam.
14 Agosti, 1956

Kwa Bwana Umakant,
Mwenye Kiwanda cha Dobi cha Mvuke.

Bwana Mheshimiwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba uketi kwanza. Mimi ni Kasmir, mtunza boila wako mwaka wa kumi na mbili huu, yule anayepuliza filimbi ya mvuke saa moja asubuhi hata Kariakoo nzima ikajua kumekucha. Nakuandikia kwa adabu niliyofundishwa na mapadri wa Kibosho, ingawa leo nimeitafuta sana kabla ya kuipata.

Mwezi wa Machi mpwa wako, Bwana Devendra, alikuja kutoka Upanga na madebe sita ya unga mweupe. Akaniamuru nitie kikombe kimoja kila asubuhi katika maji ya boila, ati magamba ya chokaa yasigande ndani. Nikamwuliza boila linaumwa nini. Akajibu haliumwi, hii ni kinga. Bwana, nimelea watoto saba na sijapata kumnywesha dawa mtoto anayecheza.

Malalamiko nayapa namba, usije ukachanganyikiwa.

1. Kijana huyu anapima maji kwa rangi. Anayachota katika kichupa, anadondoshea matone yake, maji yanageuka rangi ya waridi, naye anatabasamu kama bwana harusi. Yasipogeuka, ananuna, ati dawa haijatosha. Kiwanda kinachofua mashuka ya hoteli sasa kinaendeshwa kwa waridi!

2. Chai. Kama hujui, sasa ujue kwamba sisi watu wa boila huchota maji ya chai kwenye kibomba kilicho chini ya kioo cha kupimia maji ya boila. Ndiyo desturi yetu, maji yamekwisha chemka, ya nini kuwasha jiko jingine? Wiki ya kwanza ya dawa chai ikawa na ladha ya sabuni. Nassibu wa pasi alikunywa vikombe viwili akashinda chooni mpaka adhuhuri, na makoti ya watu yakamngoja. Bwana Devendra akasema maji ya boila si ya kunywa. Miaka kumi na miwili nimeyanywa, na nani kiwandani ana meno kama yangu?

3. Nyundo yangu imefungiwa kabatini. Kila baada ya miezi mitatu, Jumapili, boila likipoa, mimi peke yangu huingia kwa lile tundu la juu, maana matumbo ya wenzangu hayapiti. Hugonga magamba kutwa. Nikitoka, mweupe nywele hata kope, mkeo Mama Daksha huniletea sinia la chapati na ladu kwa mkono wake mwenyewe. Jumapili ya Juni ilipita nikiwa nyumbani. Nilikwenda kanisani, nikarudi, nikakaa. Nasema wazi, niliumia. Ikiwa dawa inaingia ninapoingia mimi, mimi nimebaki wa nini?

4. Ati magamba yanazuia maji yasipoze chuma, moto ukakiunguza. Upuuzi wa vitabuni. Birika la mke wangu Evarista lina gamba nene tangu tulipohamia mjini na halijapasuka. Gamba ni shati la chuma. Dawa ikimaliza shati itakula nini kama si chuma chenyewe? Ikimaliza chuma itateremka sakafuni, itoke barabarani iyeyushe ardhi, na Kariakoo yote itakaa juu ya uji.

5. Ushahidi ninao. Tangu wiki ya tatu kikombe changu cha dawa nakimwaga mtaroni, kiende mto Msimbazi kikawatibu vyura. Kichupa cha Bwana Devendra nakitia chembe ya unga kabla hajafika, maji yanageuka waridi, naye anaondoka na furaha yake. Je, boila limepasuka? Miezi mitano, bila dawa wala nyundo, linakwenda. Mvuke umepungua kidogo na kuni zinakwisha upesi, lakini hilo ni kosa la Mbaruku anayetuletea kuni mbichi.

Basi naomba madebe yarudi Upanga, nyundo irudi mkononi mwangu, na Bwana Devendra apewe kazi ya kulinganisha soksi, ambako rangi zina faida. Ukikataa, chagua mmoja, mimi au unga.

Nisalimie Mama Daksha, watoto, na hata huyo mpwa wako, kwa kuwa ni mtoto wa watu.

Mimi mtumishi wako mwenye uchungu,
Kasmir, wa boila.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha Nassibu aliponiita kwenye mlango wa tanuri. Paa la tanuri, kile chuma kilicho kati ya moto na maji, limevimba kuja chini, uvimbe mkubwa kama chungwa. Nimekokota moto wote nje na kuwatoa watu uani. Hakuna aliyeumia. Kuni za Mbaruku ni kavu, nimezitazama. Barua hii ichane, ila namba tano usiichane. Mwonyeshe Bwana Devendra, maana ni kweli tupu na yeye hana kosa. Mwambie aje sasa hivi na kichupa chake, sitakigusa. Chai yake nitaichemsha mwenyewe, kwa maji ya bomba la mtaani.